Mshale Uliolala

Mshale wa ile mita ndogo ulikuwa umelala kwenye sifuri, na Zuena hakuupenda usingizi wake.

Kesho mwamba wa pweza wa kisiwa cha Juani, uliofungwa kwa miezi ili pweza wakue, ungefunguliwa, wanunuzi wangejaa, na barafu yote ya Zuena ya kuwauzia ilitegemea jenereta hii. Mita ilifungwa kwenye waya unaoteremsha ardhini umeme unaovuja kwenye shafti, ule mhimili wa jenereta unaozunguka, pale kipande cha kaboni kinapoigusa. Siku zote mshale hutikisika kidogo. Ukipanda, ndani kuna kitu kinaanza kuharibika. Kulala kabisa, haujawahi.

"Haivuji, shemeji. Ushukuru," alisema Taufiki, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye fundi.

"Jana ilivuja."

"Leo imepona."

Zuena akamtazama mikono. Taufiki alikuwa na ubia kwenye mashua inayoleta barafu kutoka bara. Mtambo huu ukifa leo, kesho atauza nani?

"Zima."

"Barafu haijashika, nizime?"

"Zima, shemeji."

Akaupapasa waya mwanzo mpaka mwisho. Mzima. Akagusa shafti pale inapokutana na kaboni; kidole kikateleza. Akanusa. Mafuta ya nazi.

"Ni wewe?"

"Mimi nipake mashine mafuta ya nywele?"

Bimkubwa, mama mkwe wake, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. "Ni mimi," akasema bila wasiwasi. "Chuma kinaliwa na chumvi, nanyi mmekaa tu. Cherehani yangu naipaka hivyohivyo, na imemzidi umri huyo Taufiki."

Kumbe kaboni ilikuwa inaelea juu ya mafuta, na umeme ukijitafutia njia nyingine. Zuena akaifuta shafti kwa spiriti mpaka ikakauka, mtambo ukawashwa. Mshale ukaamka, ukapita pale pa jana, ukazidi kupanda.

Safari hii Taufiki alizima mwenyewe. Alipofungua kifuniko cha nyuma, lile gamba linalozuia umeme usipite kwenye beringi, ile ringi inayoishika shafti, lilikuwa na ufa, na beringi yenyewe imeanza kutoka vidonda vidogo kama uso uliopata ndui.

"Ingekwama kesho, pweza wakiwa njiani," akasema polepole. "Beringi ya akiba na gamba lake ninavyo nyumbani."

"Twende wote," Zuena akajibu.

Jioni, vipuri vipya vikishafungwa, mshale ulitikisika kama zamani, na barafu ikaanza kushika. Taufiki akaaga. Zuena hakuondoka, alivuta kiti mbele ya mita, akakaa, chupa ya mafuta ya nazi ya mama mkwe wake ameipakata mapajani.