Abiria wa Kujaza Viti

Mama mkwe wangu alipiga simu asubuhi, sauti yake imekuwa nyembamba.

"Mwendwa, niletee wajina wangu leo. Nimtemee mate kifuani, kisha mtuite Mwelu, tuitike wawili."

Kwetu Ukambani binti wa kwanza huchukua jina la mama wa babake, na nyanya humbariki kwa mate mepesi. Wangu alikuwa bado hajabarikiwa, na nyanya alikuwa anatuacha.

Muema, mume wangu, alikuwa machimboni. Barabara ya Mlolongo ilikuwa imezibwa na malori yanayongoja kupimwa kwenye mizani, kwa hivyo nikachukua ile tiketi mpya: unashuka treni Athi River, unakuta gari la kwenda Katelembo, halafu boda inakufikisha nyumbani. Karatasi moja tu kwa safari yote. Darasani kwetu, masomo ya jioni, niliwahi kuiandikia insha. Nilisema ni kama kushona vipande vya leso.

Treni haikuchelewa. Gari lilikuwepo, limebakisha viti viwili. Mwanamke mmoja wa boda, Wanza, alisema angenifikisha mlangoni moja kwa moja. Nikaangalia upepo na vumbi, nikamfunika mtoto, nikamshukuru na kukataa. Gari si lilikuwa linaondoka?

Nilipoketi, watu wakaanza kushuka. Mmoja, kisha wengine, wakijinyoosha na kutaniana. Mzee wa kando yangu, Laban, alinieleza bila kunitazama kwamba wao hulipwa kukaa ndani ili gari lionekane limejaa. Abiria wa kweli akiingia, wao wanatoka. Treni inafuata saa, alisema, lakini gari bado linangoja lijae.

Nikatoka mbio kumtafuta Wanza. Alikuwa ameshapata mteja.

Pauline, wifi yangu, akapiga. Mama alikuwa anauliza kama tumevuka mizani. Nikamwambia tumevuka, tuko karibu.

Niliporudi garini, Laban alikuwa hajashuka. "Ondoa gari, bwana," alimwambia dereva. "Huyu anaenda kwa mgonjwa."

Dereva aliwasha injini, akaangalia viti vitupu, akaizima. Alisema kwa upole kwamba mwenye gari angemfuta kazi. Tukangoja. Treni nyingine ilipoingia ndipo watu walipotosha. Nilimpigia Pauline njiani. Simu ikalia tu.

Boda ya mwisho ilikuwa inaningoja kweli, kama tiketi ilivyoahidi.

Pauline alikuwa langoni, leso imefungwa kiunoni. Alimpokea mtoto kabla hajanisalimia.

"Amewangoja," alisema. "Amewangoja mpaka akachoka."

Ndani walikuwa wamemfumba mama macho na kumfunika hadi kifuani. Mkono mmoja ulikuwa umebaki nje ya blanketi, umefunguka. Nilimchukua mtoto, nikamfungua vifungo vya nguo kama nilivyokuwa nimepanga, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwelu," nikaita.

Binti yangu akageuza uso, akatoa kile kisauti chake. Nikangoja kidogo, kisha nikamfunga vifungo.