Mtandio wa Damu ya Mzee

Mtaani walimwita Karibia, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna mteja aliyetoka kwenye karakana yake ya kuchapa mabango bila kuambiwa, "Rangi itakaribia. Kufanana kabisa, usinidai." Mkewe alipenda kuwatania wageni kwamba hata alipokwenda kumposa, bwana huyu aliwaambia wakwe atajitahidi, ila wasitegemee makubwa.

Alikuwa na sababu zake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Karibia alikwisha kuumwa mara nyingi. Mteja huiona rangi kwenye kompyuta inang'aa kama imewashiwa taa. Ikishuka kwenye turubai imepoa, basi anakuja juu kama moto wa kifuu. Kwa hiyo fundi akajiwekea utaratibu. Humweleza mteja kwamba kioo kinawaka lakini wino hauwaki, kisha huchapa kipande kidogo, humtoa mtu nje hadi juani na kukilaza kipande kile juu ya sampuli. Bango lenyewe halichapwi mpaka mteja atamke kwamba ameridhika. Tangu ashike utaratibu huo, matusi yalipungua, naye alijiona amemaliza kujifunza kazi.

Ndipo asubuhi moja akaingia mama mmoja, mshonaji, ameshika mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Alikuwa amemzika binti yake wiki chache nyuma. Binti naye alikuwa mshonaji. Alikwisha kukodi chumba, akaingiza cherehani na meza ya kukatia, ugonjwa ukamwahi kabla ya kutundika bango. Sasa mama alitaka kukifungua chumba kile mwenyewe. Sharti la binti lilikuwa moja tu: bango liwe na rangi ya mtandio wake, ile nyekundu iliyokolea ambayo watu huiita damu ya mzee.

"Nilimwahidi akiwa kitandani," alisema mama. "Mengine yote yamenishinda, fundi. Hili lisinishinde."

Akafungua fundo, akautoa mtandio, akaushindilia usoni kwa muda mrefu. Karibia akatazama pembeni. Alidhani anafuta machozi, maana mwenye msiba hufutia chochote kilichopo mkononi. Kisha mama akaukunja taratibu, akaurudisha mfukoni, akafunga fundo upya ndipo akamkabidhi.

Karibia aliona haya kidogo kumhubiria mfiwa, lakini utaratibu ni utaratibu. Akamweleza habari za kioo na wino, akamweleza kwamba kitambaa kina nyuzi na turubai halina, akamweleza jua litakavyolipausha bango baada ya miaka. Mama alisikiliza yote akitikisa kichwa kama mtu anayesomewa jambo la jirani. Akasema ameelewa, atarudi Alhamisi, na mtandio autunze.

"Nitautunza kama mboni ya jicho langu," alisema Karibia, na hakusema uongo.

Alipoutandaza mezani alikuta damu ya mzee tatu. Penye paji la uso palikuwa peusi kwa mafuta ya nywele, kwenye mikunjo pamepauka kwa vumbi, na upindoni ndipo rangi yenyewe ilipochungulia. Aliyemfundisha kazi alimkaririsha tangu ujanani kwamba sampuli chafu ni shahidi wa uongo, ndiyo maana kila alicholetewa alikisafisha kwanza, kiwe bati, kikombe au kibao cha mlango. Mikono yake haikungoja kuulizwa. Akachota maji baridi, akatia sabuni laini, akaufua mtandio kwa vidole kama anayemwosha mtoto, akauanika kwenye kamba, kivulini nyuma ya karakana, ili jua lisiuguse. Maji akayamwaga palepale chini ya kamba.

Ulipokauka, rangi ilisimama moja. Karibia akaifukuza siku nzima, akapunguza weusi, akaongeza wekundu, akachapa vipande na kuvitupa. Huyu mama alimwingia moyoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakutaka kukaribia tu. Jumatano mchana akalaza kipande kimoja juu ya mtandio, pale mlangoni kwenye jua, akashindwa kuona kipande kinaishia wapi na mtandio unaanzia wapi. Alimwita mkewe aje atazame. Mkewe alipotazama, kwa mara ya kwanza hakupata la kutania.

Alhamisi mama akaja, naye Karibia akamtoa nje akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha.

"Mama, leo sisemi imekaribia," alimwambia. "Leo ndiyo yenyewe."

Mama akatazama kipande, akatazama mtandio, uso ukamlegea kidogo, akatamka kwamba ameridhika. Kisha akauinua mtandio hadi puani. Akavuta pumzi. Akaugeuza upande wa pili, pale penye paji la uso, akavuta tena.

"Umeufua," alisema.

Karibia akaanza kueleza. Akataja vumbi, akataja mafuta, akataja maji baridi na sabuni laini na kivuli, na kila neno lilipomtoka alilisikia mwenyewe lilivyo, akanyamaza katikati.

"Nguo zake zote ndugu walizifua baada ya mazishi, wakijua wananisaidia," mama alisema. "Huu niliuficha. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki humu tu."

Angefoka, Karibia angejua la kufanya. Kufokewa alikwisha kuzoea. Lakini mama hakupandisha sauti. Aliukunja mtandio vilevile kama siku ile, akautia kwenye mfuko, na safari hii hakufunga fundo.

"Ulinionya sana kuhusu rangi, fundi."

"Nisamehe, mama."

"Hukujua. Na mimi ningeanzaje kukwambia?" Kisha akauliza, "Maji uliyamwaga wapi?"

Karibia akampeleka nyuma ya karakana, akamwonyesha chini ya kamba. Ardhi ilikuwa imeshakauka, imefanana na ardhi nyingine yote. Mama akachuchumaa, akaweka kiganja pale. Karibia alisimama nyuma yake, mikono yake imemwia mizito, akatamani rangi ingekosewa na mtandio ungebaki mchafu. Alijua majuto ni mjukuu, huja kinyume, na wake ndio huo umefika.

Bango lilichapwa, likatundikwa juu ya mlango wa binti. Wapita njia wengi walilisifu, na wawili watatu walikuja karakanani kuomba rangi ileile. Karibia aliwaambia hana.

Jioni moja mkewe alitoka nyuma na beseni la maji aliyooshea vyombo, akaliinua amwage chini ya kamba kama alivyozoea miaka yote.

"Hapo usimwage," alisema Karibia.

Mkewe akamtazama, akateremsha beseni, akazunguka nalo hadi upande wa pili wa ua.