Waridi la Nyuma ya Chumba cha Dobi

Asubuhi hiyo Babu alivaa koti lake la kijivu, akafunga vifungo vyote hadi cha juu kabisa, kisha akamngoja mkewe sebuleni kwa muda aliouona mrefu kupita kiasi. Bibi alipotokea amebeba mkoba mkubwa kuliko safari yenyewe, Babu aliutazama mkoba ule kama alivyokuwa akiitazama mifuko ya wanafunzi siku ya mtihani.

"Umetia nini humo?"

"Miwani, chupa ya maji, na kitambaa kibichi."

"Na nini tena?"

"Mwalimu, twende. Foleni haina mjomba."

Babu alikuwa ameongoza shule hadi nywele zikageuka pamba. Mtaani walimwita Rula, kwa kuwa mwenyewe alinyooka na aliwataka wengine wote wanyooke. Mtu wa namna hiyo hashindwi kujua kitambaa kibichi ni cha kufungia nini.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Nyumba kuu ya kale, ambayo siku hizi ni makumbusho, hufungua bustani yake kwa watu wote Jumamosi na Jumapili moja tu katika mwaka. Nyuma ya chumba cha dobi, ukutani, limetambaa waridi jeupe. Mama yake Bibi ndiye aliyekuwa dobi wa nyumba ile, na mwenye nyumba alimpa kijiti cha waridi hilo akakipanda uani kwake. Tangu hapo, kila mtoto wa ukoo aliyehamia nyumba yake mwenyewe alikabidhiwa kijiti chake. Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu wao wa mwisho, binti ambaye Babu alimsifu hadi majirani wakajifunza kubadili njia. Jumatatu angehamia nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa jasho lake. Lakini waridi la uani lilikuwa limekufa, mizizi yake imekatwa na mafundi wa bomba. La shangazi mtu lililiwa na mbuzi. La mwana wao mkubwa liliungulia chunguni, kwenye roshani ya ghorofa. Lililobaki duniani, kwa kadiri walivyojua, ni lile la ukutani kwa dobi, mama wa yote.

"Nilimwahidi," Bibi alisema njiani.

"Nami nilimwahidi," Babu akajibu. "Atalipata. Lakini halitaingia nyumbani kwake kwa mlango wa wizi."

Walipita vyumbani pamoja na wageni wengine, wakielekezwa kwa kamba nyekundu. Waliona meza ndefu iliyoandaliwa sahani zisizo na chakula, na kitanda kirefu cha kupanda kwa ngazi. Katika chumba cha dobi, pasi za mkaa zilipangwa juu ya rafu, vishikio vyake vimelainika kwa viganja. Bibi alisimama mbele ya mojawapo.

"Mama alikuwa akiipuliza majivu hadi anakohoa," alisema. "Leo imewekewa kamba kama malkia. Haya, tutoke nje."

Waridi lilikuwepo. Lilikuwa limepanda hadi kwenye mabati, limechanua, na chini yake palisimama kibao: HAIRUHUSIWI KUCHUMA WALA KUKATA. Bibi alitazama kulia, akatazama kushoto, mkono ukazama mkobani.

"Mama watoto," Babu alisema bila kugeuza kichwa, "rudisha huo wembe."

"Wembe gani?"

"Huo ulioushika."

"Kijiti kimoja tu, Mwalimu. Ukuta mzima huu hautahisi hata mbu."

"Mama yako alipewa. Hakuchukua. Nisubiri hapa."

Akapiga moyo konde, akamwendea msimamizi wa bustani, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira aliyekuwa akiwaondoa watoto kwenye ukingo wa bwawa. Akamweleza habari yote, kuanzia kwa dobi hadi kwa mbuzi. Mwanamke alisikiliza kwa heshima.

"Shida yako naielewa, mzee wangu. Ila nikikukatia wewe, na yule nyuma yako nimwambie nini? Kufikia kesho jioni nitabaki na ukuta mtupu."

Jibu lile Babu alikuwa amelitoa yeye mwenyewe ofisini kwake miaka nenda, miaka rudi, kwa maneno karibu yale yale. Hata alijikuta akimheshimu yule mama kwa kulisema. Lakini kuheshimu si kukubali kushindwa. Akabaki amesimama, mikono nyuma.

"Umesema kweli," alisema hatimaye. "Basi nikuulize jingine. Hapa kwenye njia, matawi yamepogolewa karibuni."

"Juzi, ili wageni wasichomwe na miiba."

"Yakatupwa wapi?"

Msimamizi akacheka. "Jalalani, nyuma ya ghala. Hayo nakuruhusu, mzee. Beba hata yote, utakuwa umenipunguzia mzigo. Ila sijui kama bado yana uhai."

Lundo lilikuwa limemzidi Babu kimo: nyasi, majani, vishina na mbolea isiyoiva. Bibi, aliyekuwa amemfuata, alilitazama, akamtazama mumewe na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Turudi, Mwalimu. Tutamnunulia ua lingine sokoni."

"Tulimwahidi hili."

Akavua koti, akalikunja, akampa mkewe. Akapiga magoti. Matawi ya juu yalikuwa yamekauka. Alipoyakwangua kwa ukucha, chini ya ganda palikuwa na kahawia tupu. Akachimba zaidi. Mwiba ukamchana kiganja. Wageni walianza kupunguza mwendo. Mwanamume mmoja mnene, amembeba mtoto mabegani, alisimama kabisa.

"Shikamoo, Mwalimu Rula."

Babu alimtambua kwa sauti. Ni yule aliyeitwa Golori, kwa sababu mifuko yake haikukosa golori hata siku moja.

"Marahaba."

"Mwalimu, si wewe uliyenichapa kwa kuchokora jalala la shule?"

"Nilikuchapa kwa kuchokora bila ruhusa," Babu alisema, akiendelea kuchimba. "Mimi ninayo. Na kwa kuwa jalala unalijua kuliko mimi, mshushe mtoto, ushike upande ule."

Golori alicheka hadi mtoto akatikisika, kisha akamshusha, akakunja mikono ya shati. Bibi naye alitundika koti kwenye mpini wa toroli, akapiga magoti kati yao. Walipofika chini, palipokuwa na unyevu na joto, Golori akavuta tawi lenye urefu wa mkono, likiwa na tope na majani mawili yaliyolala.

Babu alilikwangua. Kahawia. Akashuka kifundo kimoja, akakwangua tena.

Kijani.

Babu alilifuta tope kwa leso yake nyeupe, akamnyooshea mkewe.

"Sasa," alisema, "toa huo wembe."

Bibi alikata kijiti mshazari chini ya kifundo, akakizungushia kitambaa kibichi, akataka kukisukuma ndani kabisa ya mkoba, chini ya miwani. Babu alimshika mkono. Akakichukua kijiti, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote juu ya shati lenye tope, na kukibeba wima mbele ya kifua chake hadi langoni, mahali ambapo mlinzi angekiona vizuri.