Uzito wa Bitutu

Tryphosa alikuwa akichuma mboga za managu nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa mji wa Kisii, alipomwita binti yake amletee ungo. Bitutu akaja, na kila alipokanyaga, udongo ukammeza hadi vifundoni.

"Umekuwa mzito," Tryphosa akasema.

"Ndiyo, Mama. Jana nilivunja dawati shuleni."

Mtaani halikuwa jambo geni. Mtoto wa Nyakundi, jirani yao, alikuwa amezama hadi magotini kando ya kamba ya nguo, na mvua ikinyesha mama yake humfunika kwa mwavuli. Tryphosa mwenyewe alikuwa mwepesi. Mchana alikula sokoni, kwenye kibanda chake cha ushonaji.

Afisa wa mipango ya ardhi alikuja, akasimama barazani penye saruji.

"Ni madini ya risasi," alisema. "Zamani hapa waliyeyusha betri za magari. Yamo udongoni, na mboga zinayanyonya."

Tryphosa akatazama managu yake. "Na mlitupimia viwanja?"

"Vilipimwa vizuri."

"Basi tuhamisheni."

"Ramani inasema hapa ni makazi, mama. Mtu hahamishwi kwa sababu anaishi kwenye makazi."

Kabla ya kuingia garini alifuta nyayo za viatu vyake kwa jani la mgomba, kwa makini, kimoja kimoja.

Tryphosa aling'oa managu yote, lakini uzito haukung'oka. Bitutu alipozama uani hadi magotini, mama yake alimwita Momanyi, mwenye pikapu, awapeleke kijijini Gesima kwa Magokoro, bibi yake Bitutu. Wanaume wanne walimkamata Bitutu kwapani, wakavuta mpaka jasho likawatoka. Hakusogea.

"Huyu ni wa hapa sasa," Momanyi akasema, akawasaidia kushusha godoro.

"Nenda tu, Mama," Bitutu akasema. "Magokoro anakungoja."

Tryphosa akatandika godoro pale uani, kando yake.

Wiki iliyofuata wapimaji walikuja kupigilia vigingi kiwanja cha pili kutoka kwake. Hapo ilikuwa ijengwe shule ya chekechea. Tryphosa akawaendea.

"Udongo huu una risasi. Watoto watazama."

"Tunajua, mama," mmoja akamjibu kwa heshima. "Tumeagizwa tuweke msingi imara."

Aliporudi, Bitutu alikuwa amezama hadi kiunoni. Akauliza kama atawasikia watoto wa chekechea wakisoma.

"Utawasikia," Tryphosa akasema, akamfunga leso mabegani.