Ekicholong ya Mama Sally

Nijibu wewe unayesoma: nimefuga nyenje, simlishi wala simwoni, analia kutwa kucha, na mgeni akikaa kando yangu hamsikii. Ni nini?

Usijisumbue. Ni sikio langu la kushoto. Likishalia nyiiii, nyumba yangu hapa mtaani Kanamkemer huanza kuzunguka. Nilipojigonga mlangoni kwa mara nyingine, binti yangu Sally akaanza kukunja nguo zangu na kuzitia kwenye begi.

"Mama, unarudi Bomet kwa Jordan."

"Huyo kaka yako ana kwaya?"

"Mimi nikiwa ofisini ukaanguka, nani atakuinua?"

Tukapatana hivi: kwaya yetu ya akina mama ilikuwa inakwenda kuimba Kakuma. Nikianguka huko, Bomet. Nikimaliza nyimbo zote, nguo zinatolewa kwenye begi, nabaki.

Daktari alikwishanipima presha na masikio. Alisema nipunguze chumvi na chai, ninywe maji kabla ya kiu, nisiinuke kitandani ghafla. Usiku niwashe redio kwa sauti ya chini, nyenje apate mwenzake. Tangawizi nilijiongezea mwenyewe, na niliyoipenda ni ya Nyariek, rafiki yangu wa Sudan Kusini anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Yeye huitwanga pamoja na kahawa iliyokaangwa. Alinitumia mkebe, nikawa nakunywa asubuhi, mchana na jioni. Si dawa? Nyenje akaita ukoo wake wote.

Nyariek alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Mama Sally, hiyo ni kahawa! Moyo yako inakimbia, sikio itanyamaza aje? Chemsha tangawizi peke yake."

Nikatii. Kizunguzungu kikapungua, lakini hakikuisha. Ndipo nikanunua ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho wazee wa Kiturkana hutembea nacho mkononi. Jirani yangu Akoru alishika kiuno, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Mama Sally! Hiyo ni ya wanaume. Sasa utaoa?"

"Nikipata anayejua kupika, naoa."

Kanisani Kakuma mabati yalichemka. Katikati ya wimbo nyenje akapiga kelele, ukuta ukaanza safari. Wanakwaya wote wamesimama, wazee wametukodolea macho. Nikaweka ekicholong chini, nikakaa, nikakaza macho kwenye msalaba, nikaendelea kuimba. Mzee mmoja akaguna. Nikaongeza sauti. Ukuta ukatulia, nikainuka polepole, na wimbo wa mwisho nikaumaliza kwa miguu yangu.

Nje, Sally, aliyekuwa amekuja nasi kujionea mwenyewe, alinishika mkono, macho mekundu. "Mama, nilidhani umeanguka."

"Uliniuliza nikianguka nani ataniinua," nikamwambia, huku nikipangusa vumbi kwenye ekicholong yangu. "Mimi sianguki, Sally. Mimi nakaa."