Macho ya Gurai

Mchoraji Dukhu aliingia uani kwa Salge na karatasi mkononi. Ilikuwa na picha ya mwanamume asiye na mboni za macho. Salge alimtambua kwa masharubu yale na shoka begani: Gurai, shemeji yake, aliyefariki majuzi.

"Yuko gizani huko aliko, dada," alisema Dukhu. "Anajikwaa, analia. Ndugu akitoa chochote, namtia mboni, aione njia ya kwenda kwa wazee wake waliotangulia."

Gurai ndiye aliyemwita Salge mchawi, mara tu alipofiwa na mume. Wanakijiji walimnyoa nywele, wakamfukuza kwa mawe. Msimu uleule Gurai akalilima shamba la mpunga la Salge, bila soni.

Salge akaingia ndani, akatoka na bakuli la shaba alilopewa alipoolewa.

"Chukua. Ila macho usimtie. Niachie hivyohivyo."

"Kipofu? Dada, haijapata kutokea!"

"Basi leo imetokea."

Aliibandika picha ukutani, juu ya jiko. Kila akipika alimsalimu: "Bado unapapasa, shemeji? Haya, papasa." Na wali ukamnogea kuliko ulivyowahi kumnogea.

Habari hazikukawia. Ramai, mwana wa Gurai, akaja kumwangukia miguuni.

"Mama mdogo, baba ananijia ndotoni, anapapasa kuta. Mfungue macho, nakuomba."

"Mchawi ana uwezo huo?"

"Wewe si mchawi."

"Sisikii. Kalisemee kijijini."

Akalisema, Salge akiwapo, mbele ya mzee wa kijiji na umati mzima: baba alizua uongo kwa tamaa ya shamba, na shamba analirudisha. Wanawake waliorusha mawe wakainamisha vichwa. Salge aliwatazama mmojammoja, hakumruka hata mmoja.

Dukhu akaitwa. Alipochovya brashi, Salge akamshika mkono.

"Ngoja. Kwanza unichore mimi, nimesimama shambani mwangu, mbele yake. Pua kwa pua. Akifumbua macho, mtu wa kwanza kumwona niwe mimi."

Ramai akashtuka. "Mama mdogo, si tumeyamaliza?"

"Umeyamaliza wewe, mwanangu. Chora, Dukhu."

Dukhu akamchora, kisha akatia mboni. Salge akayakodolea macho yale mapya, na hakupepesa.