Mrija Ulioachwa Mezani

Akolpoka, mpimaji wa damu, alipomwona Talata anaingia maabara na kanga hai kwapani, aliinamia mirija yake.

"Daktari, huyu wako," Talata alisema, akamweka kanga mezani, miguu imefungwa. "Wakwe wamenifukuza, na mwanangu Laadi wamebaki naye. Mama mkwe anasema damu mbovu nimeitoa kwetu. Lakini wewe angalau uliniambia ukweli."

Ukweli! Wiki tatu nyuma, Laadi alipopona homa ya uti wa mgongo kwa mara ya pili, damu yake ililetwa ipimwe. Kipimo chenyewe si kigumu. Kwenye maji ya damu mna protini zinazozunguka kama sungusungu. Zikikutana na bakteria humtambua kwa ganda lake, humng'ang'ania, huitana, kisha humtoboa mpaka afe. Seli za mwili huziacha, kwa kuwa zina alama ya wenyeji. Ila protini hizo hazivumilii joto. Na Akolpoka, mtu mzima, cheti ukutani, aliuacha mrija wa damu hiyo mezani kwenye joto la mji wa Bolga, umeme umekatika, akaenda kusukwa nywele. Nywele jamani! Aliporudi akaichanganya na bakteria hivyo hivyo, akapima. Bakteria hawakufa. Akaandika kwamba mtoto hana kinga hiyo, na kwamba ni ya kurithi.

Juma lililopita dhamiri ilimsuta, akapima mrija wa pili wa damu ile ile, uliokuwa umegandishwa tangu siku ilipoletwa. Bakteria walikufa wote. Damu ya Laadi ilikuwa nzima. Akaikunja karatasi ya majibu, akaitia mfukoni mwa koti, akanyamaza kwa aibu.

"Mbona huniangalii?" Talata aliuliza. "Au kanga mdogo?"

"Mama Laadi, keti kwanza."

"Sikai. Sema."

Akolpoka akaitoa ile karatasi. Alieleza yote, mpaka habari ya nywele. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Umejua lini?"

"Juma lililopita."

"Siku saba nalia peke yangu, na wewe unajua."

Talata hakupiga kelele. Alimchukua kanga wake mezani, akamrudisha kwapani.

"Vua hilo koti. Twende ukamwambie mama mkwe wangu kwa mdomo wako, watu wote wasikie. Na hizo nywele usizifunike."

Akolpoka alivua koti, akamfuata juani kichwa wazi.